Mashine iliandika 5, sisi tulikuwa 14

Wengi mnanifahamu kama mtu wa migomba na maharagi. Leo nitaongea juu ya kompyuta, na tafadhali musinicheke. Nitaongea kama agronome, maana jambo lenyewe lilinikutia shambani.

Kabla vita havijarudi kwenye vilima vyetu, nilisimamia mafunzo ya siku tatu kwenye kilima kimoja cha Masisi. Kijiji sitakitaja, wala shirika lililonipa kazi. Mada ilikuwa mnyauko wa bakteria wa migomba. Mnaujua: ndizi zinaiva kabla ya wakati, ukizipasua ndani ni kahawia, ukikata mti unatoa usaha wa manjano. Somo lilikuwa limetengenezwa tayari mtandaoni, lina picha, lina sauti, maswali 10 mwishoni, kisha cheti. Watu 14 walikuja. Simu za kuingia intaneti zilikuwa 6. Tukakaa vikundi vikundi, simu moja kwa watu wawili ao watatu. Tukiisha sehemu moja tunatoka kwenda kuangalia migomba yenyewe, kisha tunarudi kwenye simu. Mtandao ulikuja na kuondoka kama mvua ya mwezi wa sita.

Wiki mbili baadaye ofisi ikanitumia orodha iliyotoka kwenye mfumo. Waliomaliza: 5. Waliofaulu kati yao: 3. Mmoja wa wale watatu ni kijana aliyekuja siku ya kwanza tu, akaachia dada yake simu, akaenda kutafuta maisha Rubaya. Na mama mmoja, mzee kuliko wote, ambaye aliporudi nyumbani alianza siku ileile kupita kwa majirani na kuwaonyesha namna ya kukata mgomba mgonjwa, hakuwemo. Hakuwa na simu. Kwa ile mashine ni kama hakuzaliwa.

Akaniuliza: "Monitere, juu ya nini jina yangu haiko? Mi nilikuyaka masiku yote tatu."

Sikuwa na jibu. Na orodha ile ndiyo ofisi iliyotumia kuchagua watu 5 wa kupewa panga, dawa ya kusafishia vifaa, na vichipukizi safi vya kuanzisha shamba la mfano. Yeye hakupata.

Toka siku ile nikaanza kutafuta: nani anaiambia mashine kwamba mtu "amemaliza"? Nilidhani ni mtu fulani wa ofisi, Goma ao Kinshasa. Kumbe ni kanuni za kiufundi zilizoandikwa mbali sana, kabla wengi wetu hatujaanza shule ya msingi. Nimezisoma usiku mingi. Nataka niwaambie nilichokiona, kwa sababu sisi wenye licence ndio tunaotumwa kusimamia mafunzo haya, ndio tunaosaini ripoti, na wengi wetu tunaomba kazi kwa vyeti vyake.

Prizi iliyotengenezwa kwa ajili ya ofisi

Tuanze na haki yake. Zamani kila kampuni ya mafunzo kwa kompyuta ilitengeneza somo linalofanya kazi kwenye mfumo wake tu. Ukinunua somo hapa na mfumo kule, haviongei. Watu wa ndege ndio wa kwanza kuchoka: mwaka 1988 makampuni ya ndege yaliunda kamati inayoitwa AICC ili masomo ya marubani na mafundi yaweze kuhamishwa kutoka mfumo mmoja kwenda mwingine. Kisha Wizara ya Ulinzi ya Marekani, kupitia programu yake ya ADL, ikakusanya mawazo ya namna hiyo na kutoa kanuni inayoitwa SCORM. Toleo la kwanza lilitoka mwaka 2000, na lile la 1.2, ambalo mpaka leo bado liko kila mahali, mwaka 2001.

SCORM ni kama prizi. Ukiwa na prizi ya kipimo kimoja, redio yoyote itaingia. Somo linafungwa kwenye gunia moja, ndani kuna karatasi inayosema kilichomo na mpangilio wake, na mfumo wowote unaofuata kanuni unaweza kulifungua. Ni kazi nzuri. Bila hiyo, somo la migomba lililotengenezwa Nairobi lisingefika Masisi bila kulipiwa mara ya pili.

Lakini mtengeneza prizi alikuwa anafikiria nyumba ya aina gani? Alifikiria askari ao mfanyakazi aliyekaa ofisini, mbele ya kompyuta yake mwenyewe, na jina lake la kuingilia, na mtandao usiokatika. Somo la SCORM linaongea na mfumo likiwa wazi kwenye dirisha la intaneti. Kila mara linauliza na kujibu: amefika wapi, amepata ngapi, ametumia dakika ngapi. Mwishoni linapaswa kuaga: "nimemaliza, funga." Mtandao ukikatika kabla ya kuaga, ao simu ikizimika kwa sababu moto umeisha, mara nyingi mfumo unabaki na habari ya zamani: hajamaliza. Mtu amejibu maswali yote 10, anajua kila kitu, lakini kwa mfumo amekwama katikati ya njia.

Kuna na kijidirisha cha kukumbuka mtu alipoachia. Kwenye toleo la 1.2 kinabeba herufi 4.096 tu. Somo refu lenye kurasa nyingi linaweza kujaza nafasi ile, na mwanafunzi akirudi kesho anajikuta amerudishwa mwanzo. Ninyi mliofanya mafunzo ya lazima ili muombe kazi kwenye mashirika, mnaujua uchungu huu. Unapanda kilima kutafuta mtandao, unanunua mega, unafika ukurasa wa 40, giza linaingia, unashuka. Kesho ukifungua: ukurasa wa 1. Wengi tulidhani ni simu mbovu. Pengine ilikuwa ni herufi 4.096.

Neno moja kwa mambo mawili

Kasoro inayoniuma zaidi iko kwenye maneno yenyewe. Katika SCORM 1.2, hali ya mwanafunzi ina nafasi moja, na maneno 6 tu ya kuchagua: amefaulu, amemaliza, ameshindwa, hajamaliza, amepitia tu, hajaanza. Ona vizuri. "Amemaliza" na "amefaulu" vinagombania kiti kimoja. Mtu aliyefungua kurasa zote bila kuelewa na mtu aliyejibu vizuri, mfumo unachagua neno moja la kuwaita, kulingana na namna fundi alivyopanga somo. Toleo lililofuata, SCORM 2004, lilitenganisha viti hivyo viwili: kimoja cha kumaliza, kingine cha kufaulu. Ni hatua nzuri. Lakini masomo mengi yanaendelea kufungwa kwa kanuni ya 2001, kwa sababu ni rahisi na inakubaliwa kila mahali.

Na hata ukitenganisha, kufaulu maana yake ni nini kwetu? Swali la 7 la somo letu liliuliza: "Panga lililokata mgomba mgonjwa lisafishwe kwa nini?" Jibu sahihi lilikuwa moto ao dawa ya javel. Kijana anaweza kubonyeza jibu hilo kwa kubahatisha. Mama yule hakubonyeza chochote. Lakini nilimwona kwa macho yangu akipitisha panga kwenye moto kabla ya kwenda kwenye shina lingine, na nilimwona akivunja ua dume kwa mti wenye panda bila kutumia kisu, jinsi inavyotakiwa, ili asibebe ugonjwa toka mgomba hadi mgomba.

Tukumbuke tunaongea wapi. Ugonjwa huu ulipoingia Kongo ulionekana kwanza hapahapa Masisi, mwaka 2001. Ndiyo, mwaka uleule SCORM 1.2 ilipotoka. Kwa muda wa miaka zaidi ya 20 migomba yetu imekauka, na kilichosaidia ni mikono: kukata shina gonjwa mapema, moja moja, bila kung'oa kisiki chote; kusafisha vifaa; kuvunja ua dume kwa wakati. Mambo haya yote yanafanyika nje ya dirisha la intaneti. Kanuni ya SCORM haina mahali pa kuyaandika. Kisichoonekana kwenye dirisha hakikutokea.

Sentensi ya maneno matatu

Watu wa kanuni waliliona tatizo hili, tusiwaonee. ADL iliipa kampuni ya Rustici Software kazi ya kutafuta njia mpya. Kazi ile ilijulikana kwa jina la Tin Can, kama zile kopo mbili zilizofungwa kamba ambazo watoto wanachezea simu. Matokeo yake ni kanuni ya xAPI, toleo la 1.0 la mwaka 2013. Mwaka 2023 toleo la 2.0 likapitishwa na IEEE, chama cha wahandisi wa umeme ambacho ndicho kinachotunza kanuni nyingi za mtandao.

xAPI inaandika kila tukio kama sentensi: mtendaji, kitendo, kitu. "Fulani alisoma moduli ya 2." "Fulani alikata shina gonjwa." Sentensi zinatunzwa kwenye ghala la kumbukumbu, LRS kwa kifupi. Na tukio si lazima litokee ndani ya dirisha la mfumo. Linaweza kutoka kwenye programu ya simu, kwenye mchezo, ao kwa msimamizi aliyesimama shambani na kuandika alichokiona.

Mnaona faida kwetu? Sentensi inaweza kukaa ndani ya simu mpaka mtandao upatikane. Kanuni inatofautisha saa ya tukio na saa ya kuwekwa ghalani: mtu wa Pinga akijifunza siku ya kwanza, simu yake ikapata mtandao siku ya tano, kumbukumbu zinabeba siku zote mbili. Na kila sentensi ina namba yake ya pekee, kwa hiyo ikitumwa mara mbili kwa sababu mtandao ulikatika katikati, haihesabiwi mara mbili. Aliyeandika hayo ni kama amewahi kukaa Walikale.

Basi kwa nini nalalamika bado? Niko na mambo matatu.

La kwanza ni mtendaji. xAPI inataka mtendaji atambulike kwa moja ya njia nne: barua pepe, barua pepe iliyofichwa kwa hesabu, kitambulisho kiitwacho OpenID, ao akaunti ya mfumo fulani. Mama yangu wa kilimani hana hata moja. Kanuni inaruhusu kundi la watu kuwa mtendaji, na inaruhusu akaunti iwe namba tu bila jina. Kwa hiyo mlango upo. Lakini mafundi wengi wanachagua njia rahisi, barua pepe, ndiyo tunaona monitere mmoja akifungua barua pepe 14 kwa jioni moja, nywila ni ileile kwa zote, na kesho mwenye barua hajui hata kama anayo.

La pili ni kitendo. Kila mtu anaruhusiwa kutunga kitenzi chake. Ni uhuru, lakini shirika moja likiandika "amekamilisha", lingine "amehitimu", la tatu "ameshiriki", nani atalinganisha? Ndiyo maana mwaka 2016 ilitoka kanuni ndogo, cmi5, inayofunga xAPI kwenye masomo ya kawaida kwa vitenzi 9 maalum. Inasaidia. Ila kati ya vitenzi hivyo 9 hakuna cha mikono: kuna kuanza, kumaliza, kufaulu, kushindwa, kuacha na vingine vya namna hiyo. Vitenzi vya shambani itabidi tuvitunge wenyewe, na tukubaliane.

La tatu ni usahihisho. Sentensi ikishaingia ghalani haibadilishwi. Unaweza kutuma sentensi nyingine inayosema ya kwanza ni batili, lakini ya kwanza inabaki pale na alama ya ubatili. Kwa mkaguzi wa mahesabu hilo ni jambo zuri. Kwa mtu ambaye jina lake halipaswi kuonekana mahali fulani, si zuri hata kidogo. Na hapo tunafika kwenye jambo ambalo wataalamu wa kanuni hawakulifikiria sana, kwa sababu hawaishi hapa.

Orodha ni kitu cha hatari

Ninyi wa Masisi na Walikale hamuhitaji nieleze. Januari 2025 vita vilifika Goma. Machi ya mwaka uleule vilifika Walikale-centre, na mwezi uliofuata wenye silaha wakaondoka tena. Siku hizi barabara inaweza kuwa ya hawa asubuhi na ya wale jioni. Katika hali hiyo, karatasi yenye majina, namba za simu, kijiji, siku na saa si karatasi ya kawaida. Mwenye kuisoma anaweza kuuliza: nani alikusanya watu 14 juu ya kilima? Nani alilipa? Kwa nini mtu wa kijiji kile alikuwepo na wa kijiji hiki hakuwepo?

Data ya mafunzo ni orodha hiyohiyo, ila iko ndani ya mashine na inajiandika yenyewe. xAPI inaruhusu kuongeza mazingira ya tukio: mahali, kifaa, kundi, msimamizi. Kanuni hailazimishi uyaandike. Lakini fundi anayependa data anaandika kila kitu, kwa sababu pengine siku moja itahitajika.

Na tusijidanganye kwamba mashirika makubwa hayaibiwi. Januari 2022 CICR ilitangaza kwamba seva zenye data za watu zaidi ya 515.000 zilivamiwa. Kati yao walikuwemo watu waliopotea na familia zao, na watu waliokuwa kizuizini. Kama shirika lenye uzoefu ule wa vita lilivamiwa, je, kashirika kanakolipia seva ya bei ndogo na ambako mradi wake unaisha mwezi wa kumi na mbili? Mradi ukiisha, nani anafunga ghala? Nani anafuta majina?

Sheria tuko nayo. Nchi yetu ilipata Sheria ya mambo ya dijitali tarehe 13 Machi 2023, ambayo ina sehemu ya ulinzi wa data za mtu binafsi. Kenya ilitangulia mwaka 2019, Uganda vilevile 2019, Tanzania 2022. Lakini sheria inasubiri mtu anayeuliza. Katika mafunzo yote niliyosimamia, hakuna mwanafunzi hata mmoja aliyewahi kuambiwa jina lake linakwenda kukaa wapi. Mimi sikuwaambia. Mimi mwenyewe sikujua.

Sasa niseme la kwangu

Ukosoaji wa kuwanyooshea wengine kidole ni rahisi. Nami niko na deni.

Baada ya ile aibu ya kilimani, nilisimamia kikao cha pili mahali pengine. Safari hii nilijipanga. Usiku nilikusanya simu zote, nikaingia kwa jina la kila mtu, nikabonyeza kurasa zote, nikajibu maswali. Watu 12, wote "wamefaulu", alama za juu. Ofisi ikafurahi. Nilipongezwa kwa "matokeo mazuri". Wote 12 walipata vifaa.

Nilijiambia nimewatendea haki, na mpaka leo sijui kama nilikosea kwa wale 12. Lakini najua nilichokifanya kwa data. Mtu aliyekaa mbali akitazama matokeo yangu mawili atasema: mafunzo ya kwanza yalishindwa, ya pili yalifanikiwa. Kweli ni kinyume. Kwenye kikao cha kwanza watu walijifunza sana; kwenye cha pili mvua ilinyesha siku mbili, shambani tulikwenda mara moja tu. Kama mradi utakaofuata utapangwa kwa kufuata takwimu hizo, utafuata uongo wangu. Na uongo wangu ulizaliwa na mfumo ulioniachia njia mbili tu: kuwanyima watu haki yao, ao kudanganya.

Wangapi kati yetu tumefanya hivyo? Siombi mkono unyooshwe. Nasema tu kwamba kanuni mbaya inatufundisha tabia mbaya, halafu tunaanza kuiita ujanja.

"Kanuni haina kosa"

Rafiki yangu mmoja, mtu wa informatika, alisoma rasimu ya andiko hili akaniambia: "Kaka, unapiga punda kwa kosa la mwenye punda. Kanuni ni chombo. Wenye kosa ni wale walionunua mfumo rahisi na kuuleta kilimani bila kufikiri."

Nusu ya maneno yake nayakubali. Zipo njia zilizofikiria watu kama sisi. Programu ya simu ya Moodle inaweza kupakua gunia la SCORM, mtu akasoma bila mtandao, na matokeo yakatumwa baadaye. Kolibri inawekwa kwenye kompyuta ndogo ya bei nafuu, watu wanaunganika nayo bila intaneti, mwanafunzi anaingia kwa jina tu bila barua pepe, na data inasafiri siku mtandao utakapopatikana. Kwa upande wetu wa kilimo kuna Nuru ya PlantVillage, iliyotengenezwa na chuo kikuu cha Penn State pamoja na IITA na FAO: inatambua magonjwa ya muhogo kwa kamera ya simu, bila mtandao, na inaongea Kiswahili. Kwa hiyo inawezekana.

Nusu nyingine siikubali. Chombo kinabeba wazo la aliyekitengeneza. Mizani ya sokoni ikiwa inaanza kuhesabu kwenye kilo 1, mwenye gramu 300 za maharagi ataambiwa hana kitu, hata kama muuzaji ni mtu mwema. Kanuni inayomjua mtu mmoja kwa kila simu itamfuta mama asiye na simu, hata kama mkuu wa mradi anaogopa Mungu. Ndiyo maana ni lazima tuzisome sisi wenyewe. Si lazima uwe mtu wa informatika. Nilisoma biometria chuo kikuu nikidhani sitaitumia. Kusoma kanuni ya data si kugumu kuliko ile.

Maswali ya kubeba mfukoni

Shirika likija na mafunzo ya mtandaoni, na likakuita wewe uliyesoma kuyasimamia, uliza haya kabla ya kusaini:

1. Mtandao ukikatika katikati ya somo, kazi ya mwanafunzi inabaki wapi? Mjaribu mbele yao: zima data, maliza somo, washa tena, tuone.

2. Watu watatu kwenye simu moja, mfumo utaandika wangapi? Kama ni mmoja, kaie ya mahudhurio ya msimamizi ina nguvu gani?

3. Neno "amemaliza" kwenye mfumo huu maana yake nini hasa: amefungua kurasa, amejibu maswali, ao ameonyesha kazi kwa mikono?

4. Kuna mahali pa msimamizi kuandika alichokiona shambani, na kikahesabiwa?

5. Tunaweza kutumia namba badala ya majina, na orodha ya kuunganisha namba na majina ikabaki kwa mtu mmoja anayeaminika?

6. Mradi ukiisha, data inafutwa lini, na nani atatuonyesha kwamba imefutwa?

Wengine watasema ukiuliza sana utanyimwa kazi. Inawezekana. Najua maisha ya licencié asiye na kazi. Miaka miwili nilikuwa naishi kwa kufundisha masaa machache na kulima viazi vya mjomba. Lakini tukiuliza watu 30 kwa pamoja, kwa barua moja ya chama, ni vigumu kutunyima wote. Napendekeza barua hiyo iandikwe. Niko tayari kushika kalamu, mwenzetu wa informatika anisahihishe, na mmoja wa sheria aiangalie.

Nimalizie na yule mama. Nilipopita tena kwake, kabla watu hawajakimbia kilima kile, nilimkuta kwenye shamba la jirani. Alikuwa amewasha moto mdogo, panga liko ndani ya moto. Watoto wawili wa kike na baba mmoja walikuwa wanamtazama. Nikahesabu: alikuwa amekwisha kuwaonyesha watu wa nyumba 9. Nikaandika kwenye kaie yangu tarehe, kitendo na hesabu ya nyumba. Jina sikuandika.

Kaie ile ninayo bado. Ninasubiri mfumo utakaokubali kuipokea.